Kukata na Kuunga Picha za Sinema: Historia ya Ufundi Uliokosa Maneno

Kiranjeranje ni kata ya Wilaya ya Kilwa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, magari yapitayo njia hii yalitegemea kivuko, na wakati wa masika safari iliweza kusimama kabisa. Sinema ilipofika mahali kama hapa ilikuja pamoja na bidhaa nyingine za mjini, imekwisha tengenezwa kwingine. Mtazamaji hakuwa na sehemu katika kazi hiyo ila kutazama. Kwa hiyo Kiranjeranje ni mahali pafaapo kuanzia khabari hii, kwa kuwa jambo lililo wazi huko limekuwa kweli kwa sehemu kubwa ya nchi zisemazo Kiswahili: picha zilikatwa na kuungwa mbali, na lugha ikaja nyuma yake.

Yafaa kwanza kueleza ufundi wenyewe. Mpiga picha hurudi na vipande vingi, vingine vizuri, vingine havifai. Mhariri wa picha huvichagua, huvikata, huvipanga, kisha huviunga mpaka viwe kisa kimoja. Wasuka mikeka wa pwani wanaijua kazi ya namna hii: ukili husukwa peke yake, lakini haujawa mkeka mpaka umeshonwa, na mshonaji ndiye aamuaye upana na umbo lake. Vivyo hivyo maana ya picha hukaa mikononi mwa aiungaye. Mwenye kuunga aweza kumfanya mkulima aonekane mvivu au hodari, wala asiongeze hata picha moja mpya.

Jaribio la mapema la kufanya kazi hii Tanganyika lilitokea Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Liliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, likasimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Meja L. A. Notcutt aliongoza upigaji wa picha, na G. C. Latham akaongoza upande wa elimu. Zilitengenezwa filamu 35, juu ya kilimo, afya, akiba ya fedha na mengineyo. Mojawapo, ya mwaka 1936, ilionyesha mashamba ya wakulima huko Kingolwira karibu na Morogoro. Sauti haikutiwa katika utepe wa picha. Iliandikwa katika santuri, ili picha zile zile ziweze kuonyeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Mpango huu ulipunguza gharama, lakini ulikuwa na maana kubwa zaidi: picha ilikuwa moja na imara, na lugha ilikuwa vazi la kubadilishwa. Kiswahili kilipewa kazi ya kueleza, hakikupewa kazi ya kupanga.

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, chini ya William Sellers. Maofisa waliokuwa Afrika walipewa kamera na tepe, wakapiga picha, kisha wakazipeleka London zikakatwe na kuungwa huko. Tangu mwaka 1942 hadi 1954 idara hiyo ilichapa gazeti lililoitwa Colonial Cinema, ambalo lilikuwa na khabari za vyombo vipya, mashauri kwa wapiga picha, na mafundisho ya namna ya kuunga kisa. Sellers alishikilia kuwa mtazamaji wa Kiafrika huhitaji picha za pole pole, zisizo na hila, kila tendo likifuata jingine bila kuruka. Ni vigumu kupatanisha fundisho hilo na mambo yaliyokuwa pwani. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na watazamaji wa miji ya pwani walizizoea picha za Marekani na za Uhindi, ambazo hazikupunguza mwendo kwa ajili yao. Hata hivyo gazeti lilisomwa na maofisa, kwa Kiingereza; watazamaji waliozungumzwa humo hawakuwa na nafasi ya kulijibu.

Miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ilipiga Tanganyika hadithi za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hapo Kiswahili kilisogea kutoka santuri hadi vinywani mwa waigizaji. Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 Audio Visual Institute ikajengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Denmark. Kazi ya kuunga picha ikapata makao nchini, ingawa vyombo vyake viliagizwa kutoka nje pamoja na vitabu vyake.

Kanda za video zilipoenea, desturi ya Vugiri ilirudi kwa sura nyingine. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kisha sauti yake ikatiwa katika kanda na kuuzwa. Tofauti ni kubwa: wa Vugiri aliajiriwa kusema maneno ya bwana wake, na Lufufu alisema yake mwenyewe, akaongeza, akafafanua, akatania. Lakini wote wawili waliikuta picha imekwisha ungwa.

Sasa mkono umekifikia chombo. Programu za kompyuta kama Premiere, iliyotoka mwaka 1991, na Final Cut Pro, iliyotoka mwaka 1999, zimeitoa kazi hii katika vyumba vya mashine kubwa. Na kijana wa Kiranjeranje mwenye simu aweza kukata na kuunga picha za harusi au za mnada bila kivuko wala daraja. Mafundisho na khabari za ufundi, zilizokuwa zikichapwa London kwa maofisa, humjia kwa intaneti. Hata hivyo sehemu kubwa yake ni Kiingereza, kama lilivyokuwa gazeti la mwaka 1942. Yeye hujifunza kwa macho, akifuata mkono wa mwalimu asiyemsikia vema.

Hapa ndipo kazi ya wataalamu wa lugha ilipo. Waingereza na Wajerumani waliuita ufundi huu kwa neno la kukata. Wafaransa waliuita montage, yaani kuunga, na Warusi wakaliazima neno hilo. Kila jina limebeba fikira yake juu ya kazi. Mafundi wa Kiswahili husema kuediti, na vitabu husema kuhariri, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huko lina pia maana ya kuweka huru. Kukata na kuunga ni maneno ya kale, nayo yajulikana Kilwa kwa mshona mkeka, kwa fundi cherehani na kwa mpishi aungaye mchuzi kwa nazi. Yakikusanywa toka kwa mafundi wenyewe, yakapangwa na kuandikiwa mafundisho, Kiswahili hakitangoja tena picha ikamilike ndipo kipewe nafasi ya kusema.