Jukwaa, Ukumbi na Uwanja wa Mbina

Mwanafunzi wa usanifu wa ndani akitakiwa kuchora ukumbi wa opera, istilahi humtangulia kazini. Akipewa neno "jukwaa", atainua sakafu upande mmoja na kupanga viti mbele yake. Umbo hilo tumelirithi Ulaya: ukumbi wa kwanza wa opera kwa umma ulifunguliwa Venice mwaka 1637, na aliyelipa kiingilio aliketi akatazama.

Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita historia ni nyingine. Tangu karne ya 19, vyama vya Bagika na Bagalu, vyenye asili ya waganga Ngika na Gumha, vimeshindana kwa ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, nao watazamaji huhama. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. (Dawa za kuvutia watu tuwaachie wenyewe.) Mtazamaji huyo ni hakimu, na akifungwa kitini hukumu hakuna.

Kwa hiyo twapendekeza "jukwaa" libaki kwa sakafu iliyoinuliwa, "ukumbi" kwa jengo, na "uwanja wa mbina" kwa mahali pa mashindano, penye nafasi ya umati kuhama.