Airbnb: Kila Sheria Ilianza na Mtu Kulizwa

Oktoba 2007, San Francisco. Vijana wawili wamepandishiwa kodi na hela hawana. Mjini kuna mkutano wa wabunifu, hoteli zimejaa. Wakatandika magodoro ya upepo sebuleni, wakapokea wageni watatu kwa dola 80 kwa usiku. Hakuna aliyemuibia mwenzake. Hapo ndipo Airbnb ilipozaliwa.

Mwaka 2011 mambo yakaharibika. Mdada mmoja wa jiji hilohilo alisafiri, akapangisha nyumba yake. Kurudi, mlango wa kabati alioufunga umetobolewa, pasipoti, pesa na vito vya bibi yake havipo. Kampuni ikasemwa weee! Agosti mwaka huo ikatangaza dhamana ya dola 50,000 kwa wenye nyumba. Mwaka 2013 likaja suala la kuthibitisha kitambulisho.

Sasa, kitambulisho kinaonyesha mtu ni nani, hakionyeshi anakuja kufanya nini. Oktoba 2019, huko Orinda, California, mgeni alimwambia mwenye nyumba kwamba watakuja watu 12 tu, familia inayokimbia moshi wa moto wa msituni. Usiku wa Halloween wakajaa watu zaidi ya 100. Risasi zikalia, watu 5 wakafa. Agosti 2020 kampuni ikapiga marufuku pati dunia nzima.

Kwa hiyo kumuuliza mgeni "mnakuja wangapi, na kuna shughuli gani?" siyo umbea. Kuna watu walishalipia maswali hayo.

Wewe ungemuuliza nini kabla ya kumpa ufunguo?