Kinywe na Almasi

Tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, majabali ya Masasi yamestaajabisha wageni wengi. Na wakati Newala imekaa juu ya mchanga wa nyanda za Wamakonde, miamba ya kale ya Ruangwa, jirani na Masasi, imehifadhi kinywe, madini meusi, laini, yachafuayo vidole mara yaguswapo. Kumbe mwanakemia Smithson Tennant alikwisha kuthibitisha mwaka 1797 kwamba almasi nayo ni kaboni tupu, asili moja na kinywe. Na mwaka 1913 mwanafizikia William Bragg na mwanawe Lawrence wakabainisha kwa eksirei kuwa kila atomu ya almasi imeshikamana na nne nyingine. Atomu za kinywe, kwa upande wake, zimepangika matabaka yatelezayo. Kwa insafu, kinywe kisidharauliwe mbele ya almasi ya Mwadui, iliyovumbuliwa mwaka 1940.