Mashine ya Presha Ilivyofika Mlangoni

Presha haipigi hodi. Shosho aonekana mzima, kumbe mishipa inaumia, mwishowe kiharusi.

Mwaka 1896 daktari Riva-Rocci wa Italia alitengeneza mpira wa kufunga mkononi ili kupima presha. Mwaka 1905 Korotkov wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini yake. Lakini hapa kwetu Riruta na Kawangware, wazee wengi walipimwa wakishaugua.

Mwaka 2006 Kenya ilianzisha mpango wa afya ya jamii. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa mtaani wakapewa mikoba yenye mashine za presha na sukari.

Mhudumu akipiga hodi, mwite shosho apimwe, hata akisema haumwi. Asipokuja, mpeleke kliniki.