Fukusi Wawili Chini ya Jina Moja

Mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, atoboaye mahindi na mchele ghalani, Waswahili humwita fukusi, na neno hilo lamtosha mwenye ghala. Wataalamu wa wadudu halikuwatosha, wakatafuta jina la Kilatini. Nalo jina hilo lilifunika aina mbili kwa muda wa karibu miaka 200.

Katika mwaka 1763 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimwandika mdudu huyu kwa jina la oryzae, yaani wa mpunga. Mwaka 1855 Motschulsky, Mrusi, alimtaja mwingine, zeamais, wa mahindi. Lakini waliofuata walidhani ni mdudu yule yule, na jina likasahauliwa. Mwaka 1928 Takahashi alimtenga fukusi mdogo akamwita sasakii, akidhani kwamba yule mkubwa ndiye wa Linnaeus. Mwaka 1944 Birch na Richards waliandika juu ya mkubwa na mdogo kama mbari mbili za aina moja. Mwaka 1959 Floyd na Newsom, wa Marekani, walishikilia kuwa ni aina mbili mbalimbali, wakafuata majina ya Takahashi.

Ndipo mwaka 1961 Kuschel alipoyapima upya majina ya kale, akaona kwamba yamepinduliwa. Oryzae ni yule mdogo. Mkubwa ni zeamais wa Motschulsky. Na kwa kuwa kanuni hulipa haki jina lililotangulia, sasakii likaanguka.

Jambo hili si dogo. Asomaye taarifa ya mwaka 1960 juu ya oryzae huenda anasoma habari za zeamais, arukaye kwa wepesi na kuyafikia mahindi yangali shambani. Wala ukubwa si ushahidi wa kutosha, wala yale madoa manne mekundu ya mgongoni, maana wote wawili huwa nayo. Hapana budi kumpasua dume na kukitazama kiungo chake cha uzazi: cha zeamais kina mifuo miwili juu, cha oryzae ni laini.

Basi mtunga kamusi aandikaye mbele ya fukusi jina moja tu la Kilatini, amesema nusu ya neno. Neno la Kiswahili halikukosa, lilikusanya wote. Lililoyumba ni lile lililodhaniwa kuwa thabiti.