Chura wa Kihansi na Utafiti Uliochelewa

Mto Kihansi, nchini Tanzania, hushuka kutoka nyanda za juu za Udzungwa hadi bonde la Kilombero kupitia korongo jembamba, na katika kilomita chache maji yake huporomoka takribani mita 850. Poromoko hilo ndilo lililowavuta wahandisi. Ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180, uliogharimiwa kwa sehemu na mkopo wa Benki ya Dunia, ulianza katikati ya miaka ya 1990. Tathmini ya mazingira ilikuwa imefanyika, ila haikulichunguza korongo lenyewe kwa kina. Kuta zake zimesimama wima na miamba inateleza, hivyo kushuka humo si kazi ya mchana mmoja.

Wataalamu wa viumbe walipoingia korongoni, mradi ulikuwa umeshaanza kujengwa. Mwaka 1996 walikuta kwenye mimea iliyoloweshwa na rasharasha ya maporomoko chura wa manjano asiyefika sentimita 3. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana ndani ya jike mwenye mimba. Hatagi mayai, bali huzaa vyura waliokamilika. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu, na hajapatikana penginepo duniani. Alipopewa jina la kisayansi mwishoni mwa muongo huo, mitambo ilikuwa karibu kuwashwa, na hakuna aliyekuwa tayari kuuvunja mradi kwa ajili ya chura.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa imeshaelekezwa kwenye handaki la mtambo, karibu asilimia 90, na rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji. Kwa muda mbinu hiyo ilileta matumaini: kufikia katikati ya 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kuwa maelfu. Kisha, ndani ya miezi michache, wakatoweka. Wengine walilaumu ugonjwa wa fangasi wa ngozi, wengine viuatilifu vilivyosombwa na maji kutoka bwawa la mradi. Fangasi ndiye anayetajwa zaidi, lakini hoja haijafungwa. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilitangaza kuwa chura huyo ametoweka porini.

Kabla ya tangazo hilo Tanzania ilikuwa imepitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka tathmini ikamilike kabla mradi haujaanza. Sheria hiyo inapanga wakati wa tathmini. Kilichokosekana Kihansi kilikuwa pia upeo wake.

Uzao wa vyura waliopelekwa Marekani ulirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 baadhi wakaachiliwa korongoni, chini ya mabomba yaleyale.