Ghaibu: maana ya neno na matumizi yake

Mjukuu wangu anasoma skuli hapa Muscat. Mwalimu akiita majina, mtoto asiyefika huandikwa "ghaib". Juzi alinisikia nikiuliza kwenye simu, "Kasema ni maradhi ya ghaibu?" Akanivuta kanga: "Bibi, nani hakuja?"

Hakukosea sana. Neno letu limetoka kwenye Kiarabu hichohicho, na asili yake ni kutokuwepo mbele ya macho. Ndiyo maana sisi tulio mbali na Unguja, Pemba au Mombasa tunaitwa watu wa ughaibuni. Aliyehifadhi sura huisoma kwa ghaibu, bila ya kutazama msahafu. Na aliyefia mbali husaliwa sala ya ghaibu.

Katika dini neno lina uzito zaidi. Ghaibu ni yale ambayo mtu hayafikii kwa macho wala kwa kupima, anayajua kwa kuambiwa na Mola wake tu: malaika, Kiyama, Pepo na Moto. Sheikh Ali Muhsin Al Barwani alipoifasiri Qurani aliliacha neno kama lilivyo. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliandika "yasiyoonekana". Mimi napendelea la Barwani, kwani yasiyoonekana ni mengi mno. Kijidudu cha malaria hakionekani kwa macho, lakini Laveran alikiona kwa hadubini mwaka 1880. Hicho si ghaibu, ni kidogo tu.

Simu ile ilitoka nyumbani. Jamaa yetu ana homa haikatiki, hajapimwa damu, na mganga ameshasema kuwa maradhi ni ya ghaibu na yeye anayaona. Pesa zinatakiwa. Lakini neno lenyewe linamkanusha. Sura ya An-Naml, aya ya 65, inaeleza kuwa ghaibu haijui yeyote mbinguni wala ardhini isipokuwa Mwenyezi Mungu. Basi yakiwa ni ya ghaibu, mganga hayajui. Na akiwa anayajua, si ya ghaibu. Pesa nilituma, za kupimia damu.

Wengine hulichanganya neno hili na "ajabu". Mtu huweza kusema "ajabu" kwa jambo analoliona waziwazi, hata kwa mvua ya ghafla hapa Muscat. Mazingaombwe nayo ni wepesi wa mikono. Ghaibu tunaitumia hivi: mambo ya ghaibu, elimu ya ghaibu, kuamini ghaibu.